Kiendeshi Kwanza, Keneli Baadaye: Kupandisha Keneli ya Ubuntu kwenye Kompyuta Yenye Kadi ya NVIDIA

Skrini nyeusi inayojitokeza baada ya kusasisha Ubuntu mara nyingi haina uhusiano na kuharibika kwa kadi ya michoro wala kwa diski. Chanzo chake cha kawaida ni kwamba keneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, imepanda toleo, ilhali kiendeshi cha kadi ya NVIDIA, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi hiyo, kimebaki kikiwa kimejengwa kwa ajili ya keneli iliyotangulia. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvipandisha vyote viwili kwa mpangilio unaopunguza hatari hiyo, na namna ya kurudi nyuma endapo mambo yataharibika. Amri zote zimeandikwa kwa ajili ya Ubuntu 24.04 LTS (toleo lenye msaada wa muda mrefu), iliyotolewa Aprili 2024, ingawa mtumiaji wa Linux Mint 22, ambayo imejengwa juu ya Ubuntu hiyohiyo, ataona kwamba nyingi kati yake zinamfaa.

Mwenye kadi ya AMD au ya Intel hana haja ya kusoma mwongozo wote. Viendeshi vya kadi hizo, amdgpu kwa AMD na i915 au xe kwa Intel, vimo ndani ya keneli yenyewe, na sehemu iliyobaki hutolewa na maktaba za Mesa ambazo Ubuntu huzisasisha pamoja na vifurushi vingine. Kwa mtu huyo, kupandisha keneli ndiko kupandisha kiendeshi, na hana kitu kingine cha kusakinisha. Ndiyo maana kadi mpya ya AMD iliyotoka mwaka 2025, kama vile Radeon RX 9070, haiwezi kutumika ipasavyo kwenye keneli 6.8 ya mwaka uliotangulia: kadi haikuwapo wakati keneli hiyo inaandikwa.

NVIDIA ni habari nyingine. Kiendeshi chake huishi nje ya keneli, kisha huingizwa ndani yake kwa njia ya moduli, yaani kipande cha programu kinachoongezwa kwenye keneli, wakati kompyuta inapowaka. Wasanidi wa Linux hawaahidi kwamba miunganisho ya ndani ya keneli itabaki ileile kutoka toleo moja hadi jingine; toleo jipya hutoka takribani kila baada ya wiki 9 au 10, na kila toleo lina uhuru wa kubadilisha jina la kazi fulani au idadi ya vigezo vyake. Kwa hiyo moduli ni kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu mmoja: lazima ishonwe upya kwa kila keneli. Mei 2022 kampuni hiyo ilifungua msimbo wa moduli zake kwa kadi za kizazi cha Turing na vilivyofuata, yaani kuanzia GeForce GTX 16 na RTX 20, na hilo limewaondolea wasanidi malalamiko mengi ya zamani. Hata hivyo moduli hizo zilizo wazi bado zinakaa nje ya keneli, na kwa hiyo tatizo la vipimo liko palepale.

Kutokana na hali hiyo, mpangilio ninaoupendekeza ni kupandisha kiendeshi kwanza kikiwa bado kwenye keneli ya zamani, kuhakikisha kwamba kinafanya kazi, ndipo keneli ipandishwe. Viendeshi vipya huendelea kuzielewa keneli za zamani kwa miaka kadhaa. Kiendeshi cha zamani, kwa upande wake, hakina namna ya kujua mabadiliko ya keneli iliyotoka baada yake. Anayeanza na keneli anajiweka upande wenye hatari, na anapokwama hajui kama alaumu keneli au kiendeshi.

Maandalizi

Fungua terminali na uendeshe amri hizi nne, kisha uandike majibu yake mahali ambapo utaweza kuyasoma hata kompyuta ikikataa kuwaka. Karatasi inafaa zaidi kuliko faili.

uname -r
lspci -nnk | grep -A3 -E "VGA|3D"
mokutil --sb-state
df -h / /boot

Amri ya kwanza hutaja keneli inayotumika sasa, kwa mfano 6.8.0 ikifuatiwa na namba ya marekebisho ya Ubuntu na neno generic. Ya pili huonyesha kadi zilizomo na, katika mstari unaoanza na maneno Kernel driver in use, kiendeshi kinachoiendesha kila moja. Ukiona nouveau, unatumia kiendeshi huria kilichokuja na keneli, ambacho huonyesha picha vizuri lakini kwenye kadi nyingi hakiwezi kuifanya kadi ikimbie kwa kasi yake kamili. Kompyuta mpakato nyingi, hasa zile za mtumba zilizotengenezwa kwa ajili ya wahandisi na wachoraji, huonyesha kadi mbili: ya Intel iliyomo ndani ya prosesa, na ya NVIDIA pembeni. Tutalirudia jambo hilo.

Amri ya tatu hueleza kama Secure Boot, ulinzi unaoruhusu programu zenye sahihi inayoaminika tu wakati wa kuwaka, imewashwa, na jibu lake litaamua hatua moja muhimu baadaye. Ya nne huonyesha nafasi. Aliyesakinisha Ubuntu kwa kusimba diski nzima huwa na /boot iliyotengwa peke yake, na kila keneli pamoja na faili yake ya initrd, inayotumiwa mwanzoni mwa kuwaka, inaweza kuchukua MB 100 au zaidi humo. Sehemu hiyo ikijaa katikati ya usakinishaji, unaweza kupata initrd iliyokatika nusu, na hiyo haiwaki kabisa. Ikiwa nafasi ni ndogo, endesha sudo apt autoremove ili kuondoa keneli za zamani ambazo mfumo hauzihitaji. Amri hiyo haigusi keneli unayoitumia wakati huo.

Hatua inayofuata wengi huiruka, nayo ndiyo inayookoa. Kwa kawaida Ubuntu ikiwa peke yake kwenye diski huficha menyu ya GRUB, programu inayoiwasha keneli, kiasi kwamba mtumiaji hajui kuwa anaweza kuchagua keneli ya zamani. Fungua faili hii:

sudo nano /etc/default/grub

Hakikisha mistari miwili inasomeka hivi, hifadhi, kisha uendeshe sudo update-grub:

GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu
GRUB_TIMEOUT=5

Washa upya mara moja na uone kwa macho yako kwamba menyu inatokea, na kwamba ndani ya Advanced options for Ubuntu kuna orodha ya keneli zilizopo. Tengeneza pia nakala rudufu ya faili zako kwenye diski ya nje. Kuhusu umeme, mwenye kompyuta ya mezani bila betri ya akiba achague saa ambazo umeme haukatikikatiki, na mwenye kompyuta mpakato aanze betri ikiwa imejaa.

Kiendeshi cha NVIDIA kina ukubwa wa mamia ya MB, na keneli pamoja na moduli zake huongeza mamia mengine. Anayetumia bando la simu anaweza kupakua kwanza pale penye intaneti nzuri, akasakinisha baadaye nyumbani, kwa kuongeza alama -d kwenye amri ya apt install. Vifurushi vitakaa ndani ya /var/cache/apt/archives vikisubiri.

Kuchagua na kusakinisha kiendeshi

Sasisha orodha ya vifurushi kisha uiulize Ubuntu inapendekeza nini:

sudo apt update
ubuntu-drivers devices

Orodha itakayotokea ina majina yanayofanana sana, na kuyatofautisha kunahitaji uangalifu. Namba, kama vile 535, 570 au 580, ni tawi la kiendeshi. Jina lenye -server mwishoni limekusudiwa mashine za kukokotoa katika vituo vya data, si kompyuta ya kawaida ya mezani. Jina lenye -open linatumia zile moduli zilizofunguliwa msimbo: kadi za RTX 50 haziendeshwi na moduli nyingine yoyote, za Turing hadi Ada (RTX 40) zinakubali aina zote mbili, na zilizotangulia Turing hazikubali -open hata kidogo. Mstari wenye neno recommended ndio chaguo la Ubuntu, na mtu asiye na sababu maalumu ya kuukataa aufuate.

Wenye kadi za zamani wanapaswa kujua walipo. Tawi la 470 ndilo la mwisho kuzihudumia kadi za Kepler, zikiwemo nyingi za GeForce 600 na 700, na NVIDIA ilisitisha msaada wa tawi hilo mwaka 2024. Tawi la 580 ndilo la mwisho kwa vizazi vya Maxwell, Pascal na Volta, kwa hiyo mwenye GTX 1060 asitafute tawi la juu zaidi ya hilo. Kwa maoni yangu, mwenye kadi ya Kepler ambaye kompyuta yake inafanya kazi vizuri kwenye keneli 6.8 hana sababu nzuri ya kupandisha keneli. Abaki hapo, aendelee kupokea marekebisho ya usalama ambayo Ubuntu huyatoa kwa keneli hiyo.

Ukisharidhika na chaguo, endesha amri moja kati ya hizi mbili, ya kwanza ikiuachia mfumo uchague na ya pili ikitaja tawi:

sudo ubuntu-drivers install
sudo ubuntu-drivers install nvidia:580

Usipakue faili ya .run kutoka tovuti ya NVIDIA isipokuwa unajua hasa kwa nini unaihitaji. Faili hiyo huandika juu ya maktaba ambazo apt inadhani inazimiliki, na masasisho ya kawaida yakija miezi kadhaa baadaye, pande mbili hugongana bila mtumiaji kukumbuka chanzo chake. Aliyewahi kuitumia aiondoe kwa sudo nvidia-uninstall kabla ya kufuata njia ya vifurushi.

Secure Boot na ufunguo wa MOK

Secure Boot ikiwa imewashwa, keneli ya Ubuntu hukataa moduli yoyote isiyo na sahihi ya kidijitali inayoiamini. Hapa kuna njia mbili. Canonical, kampuni inayotoa Ubuntu, hujenga na kutia sahihi moduli za NVIDIA kwa matawi mengi, katika vifurushi ambavyo majina yake huanza na linux-modules-nvidia, na ubuntu-drivers huvipendelea hivyo pale vinapopatikana. Anayevitumia hana ufunguo wa kusajili. Njia ya pili ni DKMS, mfumo unaojenga moduli kwenye kompyuta yako mwenyewe kila keneli mpya inapoingia. Moduli iliyojengwa nyumbani hutiwa sahihi kwa ufunguo ulioundwa nyumbani, na ufunguo huo, uitwao MOK, lazima uutambulishe kwa mashine kabla haujakubaliwa.

Ukiwa kwenye njia ya DKMS, usakinishaji utakusimamisha katikati na kukuomba nywila ya muda. Itunge iwe fupi na ikumbuke, kwa kuwa utaihitaji mara moja tu, dakika chache baadaye. Unapowasha upya, skrini ya buluu itatokea kabla ya Ubuntu. Bonyeza kitufe chochote haraka, kwani skrini hiyo husubiri sekunde chache na kuondoka zake. Chagua Enroll MOK, kisha Continue, kisha Yes, andika ile nywila, halafu chagua Reboot. Kibodi kwenye skrini hiyo hufuata mpangilio wa Marekani, kwa hiyo herufi na namba za kawaida ni salama kuliko alama.

Ikiwa ulichelewa na skrini ikapita, usizime Secure Boot kwa hasira. Omba usajili upya kwa amri ifuatayo, kisha uwashe tena:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Dalili ya kwamba ufunguo haujasajiliwa ni ujumbe Key was rejected by service unapojaribu sudo modprobe nvidia.

Baada ya kuwasha, thibitisha kiendeshi kabla ya kuendelea. Amri nvidia-smi inapaswa kuonyesha jedwali lenye jina la kadi, namba ya kiendeshi na kumbukumbu inayotumika. Ikisema Driver/library version mismatch, hakuna kilichoharibika: maktaba zimekwishasasishwa lakini moduli ya zamani bado imo kwenye kumbukumbu, na kuwasha upya kunatosha. Ikisema haiwezi kuwasiliana na kiendeshi, moduli haikupakiwa kabisa, na sababu utaipata kwa sudo dmesg | grep -i nvidia.

Kupandisha keneli

Ubuntu 24.04 ilianza na keneli 6.8. Pamoja na hiyo kuna mkondo wa HWE, ambao huleta keneli mpya zaidi kwa matoleo ya LTS: 24.04.2 ya Februari 2025 ilikuja na 6.11, na 24.04.3 ya Agosti 2025 ikaja na 6.14. Aliyesakinisha toleo la mezani huenda tayari yumo katika mkondo huo bila kujua, ilhali seva kwa kawaida hubaki kwenye 6.8. Angalia hivi:

apt list --installed 'linux-generic*'

Ukiona linux-generic-hwe-24.04, keneli mpya zitakujia zenyewe kupitia sudo apt full-upgrade. Ukiona linux-generic pekee, itakubidi uhame, na hapa ndipo penye mtego ambao miongozo mingi haiutaji. Moduli zilizotiwa sahihi na Canonical hutolewa kwa kila mkondo peke yake. Ukisakinisha keneli ya HWE bila moduli za HWE, utawasha keneli mpya isiyo na kiendeshi hata kidogo, ingawa kiendeshi chako kilifanya kazi bila kasoro dakika kumi kabla. Kwa hiyo tazama kwanza kama moduli ya tawi lako ipo, kisha usakinishe vyote viwili kwa amri moja:

apt list 'linux-modules-nvidia-*-generic-hwe-24.04'
sudo apt install linux-generic-hwe-24.04 linux-modules-nvidia-580-generic-hwe-24.04

Badilisha 580 iwe namba ya tawi lako, na uongeze -open baada yake ikiwa ndiyo aina uliyochagua. Anayetumia DKMS hahitaji kifurushi hicho cha pili. Kwake, linux-generic-hwe-24.04 huleta pia linux-headers, na DKMS hujenga moduli palepale. Asiwashe upya kabla ya kuona matokeo:

dkms status

Keneli mpya lazima itajwe kwenye mstari wa nvidia, mwisho ukiwa na neno installed. Isipotajwa, ujenzi umeshindwa, na sababu imeandikwa katika faili ya make.log ndani ya /var/lib/dkms/nvidia. Soma faili hiyo kuanzia kosa la kwanza. Yanayofuata kwa kawaida ni matokeo ya hilo la kwanza. Mfano uliowasumbua watu wengi ni wa Ubuntu 22.04 ilipopokea keneli 6.5: keneli hiyo ilijengwa kwa gcc 12 (gcc ni programu ya kujenga msimbo), wakati gcc ya kawaida ya toleo hilo ni 11, na ujenzi ukafa kwa kulalamikia chaguo -ftrivial-auto-var-init=zero. Tiba ilikuwa kusakinisha gcc-12 tu.

Kuna keneli nyingine zinazotolewa kwenye ukurasa wa mainline wa Ubuntu, ambazo ni mpya kuliko za HWE. Zimekusudiwa majaribio ya wasanidi, hazina sahihi ya Canonical, na hazipokei marekebisho ya usalama. Kuzichanganya na kiendeshi cha NVIDIA kwenye kompyuta ya kazi ni kujitafutia matatizo ambayo hakuna atakayekusaidia kuyatatua.

Washa upya, kisha urudie uname -r na nvidia-smi. Kwa mwenye kadi mbili, amri prime-select query humwambia hali aliyomo. Hali ya on-demand huiacha kadi ya Intel ishughulikie kazi za kawaida na kuamsha NVIDIA kwa programu utakayoitaja. Ndiyo ninayoipendekeza kwa sababu hutunza betri. Kwa kutumia kifurushi cha mesa-utils, unaweza kupima kama kadi ya NVIDIA inaitika:

__NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia glxinfo -B

Skrini ikibaki nyeusi

Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Mara nyingi mfumo umewaka vizuri na ni sehemu ya picha tu iliyoshindwa, kwa hiyo utapata terminali ya maandishi ambamo unaweza kuingia kwa jina na nywila yako. Isipotokea, washa upya, ingia Advanced options for Ubuntu kwenye menyu ya GRUB, na uchague keneli ya zamani, ile uliyoiandika kwenye karatasi. Kwa kuwa kiendeshi kipya ulikijaribu juu yake, itawaka na picha, nawe utaendelea kutafuta kosa ukiwa kwenye mazingira uliyoyazoea. Faida ya kuanza na kiendeshi huonekana hapa kuliko mahali pengine popote.

Ikiwa hata keneli ya zamani haionyeshi picha, simama juu ya mstari wake kwenye GRUB, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, andika nomodeset mwishoni mwake, kisha bonyeza F10. Picha itakuwa ya ubora duni na mabadiliko hayo yatadumu kwa mwasho huo mmoja, lakini utapata nafasi ya kufuta kiendeshi na kuanza upya:

sudo apt purge '^nvidia-.*' '^libnvidia-.*' '^linux-modules-nvidia-.*'
sudo update-initramfs -u -k all

Baada ya hapo nouveau itarudi yenyewe kwenye mwasho unaofuata. Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, tiba ni nyingine: washa kwa keneli yoyote inayokubali, uendeshe sudo dpkg --configure -a ili vifurushi vilivyoachwa nusu vimaliziwe, kisha sudo apt --fix-broken install.

Mambo yakikaa sawa, usiharakishe kufuta keneli ya zamani. Itumie kompyuta kwa kazi zako za kawaida siku kadhaa, uilaze na kuiamsha, uichomeke kwenye skrini ya nje au projekta, kwa maana kasoro za kiendeshi kipya hujitokeza zaidi wakati wa kuamka usingizini kuliko wakati wa kuwaka. Ukiridhika, sudo apt autoremove itaondoa isiyohitajika tena. Anayetaka keneli fulani ibaki hata hivyo aifunge kwa sudo apt-mark hold ikifuatiwa na jina kamili la kifurushi chake cha linux-image, na aifungue kwa sudo apt-mark unhold atakapokuwa tayari.